Salim Road iko wapi, na nambari 27 ilikwenda wapi?

Swali: Shikamoo ami. Babu mzaa mama alikuwa fundi cherehani hapa Mombasa. Katika makaratasi yake nimekuta stakabadhi ya 1958. Juu imepigwa chapa jina lake na sanduku la posta, na chini yake "Salim Road, Na. 27". Nimeuliza, nikaambiwa Salim Road ndiyo Digo Road. Nikaenda Jumamosi asubuhi, nikahesabu milango kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mingi haina nambari, na yenye nambari hazifuatani. Bibi yu hai lakini macho yamekwisha. Anachosema ni kwamba duka lilikuwa "karibu na Markiti, pana ngazi ubavuni". Nitalijuaje jengo lenyewe? Na mbona mji wetu hauna nambari kama miji mingine?

Jibu: Marahaba mwanangu. Aliyekuambia Digo Road hakukudanganya. Salim Road ndiyo Digo Road ya leo, ilibadilishwa jina baada ya uhuru, na wazee wa umri wangu bado linawaponyoka mdomoni lile la zamani. Ila kwenye kuhesabu milango, hapo ulijichosha bure na jua lote lile. Hata ungekuta mlango umeandikwa 27 kwa rangi nyekundu, ningekuzuia usiupige picha ukawatumia jamaa kwamba hili ndilo duka la babu. Nambari ya mlango katika mji huu haisemi kitu mpaka ujue ni ofisi gani iliyoiandika. Aliyekupa anwani ya kweli ni bibi yako, na wewe umemtaja mwishoni kana kwamba hakusema neno.

Mimi nimebeba mnyororo wa kupimia ardhi tangu ujana, nikamalizia kazi mezani nikichora ramani, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Tuanze na jina. Watu wa kisiwa hiki tangu asili hawakukaa barabarani, walikaa mtaani. Mtaa ni watu, msikiti wao, kisima chao na baraza zao. Ukimuuliza mtu wa Mji wa Kale anakaa wapi atakwambia Kibokoni, au Kuze, au Mkanyageni. Njia ilikuwa nafasi tu iliyoachwa katikati ya nyumba, punda apite na mzigo wake na mwenye kanzu asiguse ukuta. Nafasi haina haja ya jina. Ndiyo maana leo tunatatizika tukitafsiri: kibao kinasema "Biashara Street", sisi tunasema "Mtaa wa Biashara", na mgeni anadhani mtaa na barabara ni kitu kimoja. Kwetu mtaa mmoja unameza vichochoro kumi.

Iliyopata jina mapema ni ile moja iliyokuwa kubwa kuliko zote, na jina lenyewe halikumheshimu mtu yeyote: Ndia Kuu. Ni njia iliyo kuu, basi. Kimvita kinasema ndia pale Kiunguja kinaposema njia, kama tunavyosema ndaa kwa njaa na ndoo kwa njoo, na waliochora vibao kwa bahati nzuri hawakuisahihisha. Wareno, waliojenga Ngome (Fort Jesus) kuanzia 1593 na kuipoteza kwa Waomani 1698, waliiita njia hiyo Raposeira. Nani leo analijua neno hilo? Lakini upande ule ule wa Ngome walikokaa wao pakaitwa Gavana, neno la kigeni vile vile, na hilo limebaki. Jina la barabara walilobandika juu lilibanduka, na jina la mtaa, lililotoka kwa majirani, likashika. Ukilikumbuka hilo, mengine yote yatakuwa rahisi.

Tazama majina yaliyodumu. Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina, na hata bandari ilipojengwa huko haikuhitaji jina jipya. Ganjoni ni penye ganjo, mji uliohamwa ukabaki magofu. Kizingo ni pindo la pwani. Langoni ni penye lango. Mwembe Tayari na Mwembe Kuku ni miti, na miti yenyewe wengi wetu hatukuiona. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha majina haya, na hakuna kikao kilichoweza kuyafuta.

Barabara zenye majina ya kuandikwa zimekuja na Mwingereza. Himaya ilitangazwa 1895, reli ikaanza kujengwa 1896, na mji ukafurika kutoka Mji wa Kale kuelekea magharibi, kwenye mashamba na vichaka. Barabara iliyonyooshwa kwa rula inatakiwa iandikwe jina kwenye ramani, la sivyo mchoraji hajui aitaje. Majina yao yalikuwa ya aina chache. Moja ni la safari, yaani barabara inaitwa kule inakokwenda: Kilindini Road ilikwenda Kilindini. (Ile ya mwanzo iliyopitwa na hii kubwa ikaitwa Old Kilindini Road, na mpaka leo iko na jina lake, mzee aliyestaafu asiyetaka kuondoka kazini.) Zamani za kabla ya magari, wakubwa walikuwa wakienda huko kwa vigari vidogo juu ya reli nyembamba, wanasukumwa na watu kwa mikono. Pengine hata neno toroli liliingia midomoni mwetu kwa njia hiyo. Aina nyingine ni jina la kitabuni, kama Azania Drive kule ufukweni, kwa sababu wanajiografia wa Kiyunani waliita pwani yetu Azania na maofisa walipenda kuonyesha kwamba wamesoma. Na aina ya tatu ni jina la watu wa dola na wa liwali, mwakilishi wa Sultani. Salim bin Khalfan alikuwa Liwali wa Mombasa, na mwanawe Sir Ali bin Salim alikuwa Liwali wa Pwani, kwa hiyo jina Salim halikuwa geni kwenye meza zilizochora mji huu.

Ukaja uhuru na vibao vikateremshwa. Hapa siku hizi tunapenda kulalamika kwamba historia ilifutwa. Mimi sioni hivyo. Salim Road kuwa Digo Road kuliwapa watu wa pwani hii hii, Wadigo, wa kutoka Likoni na Kwale mpaka ng'ambo ya mpaka Tanga, barabara iliyo kifuani mwa mji. Zikaja na Gusii Street, Turkana Street na Meru Road, ili bara nayo ipate kiti. Kilindini Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kushika urais 1978, ingawa dereva wa tuktuk ukimwambia Moi Avenue atakuuliza, "Mapembeni ama chini?", yaani penye zile pembe kubwa za ndovu, au chini zaidi. Azania Drive ikawa Mama Ngina Drive. Na wakakaribishwa wageni wa Afrika na wa mbali: Nkrumah, Nyerere, Haile Selassie, Abdel Nasser, hata Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus. Mimi hucheka peke yangu nikipita pale: Nkrumah alipinduliwa kwao 1966, Haile Selassie 1974, lakini Mombasa hakuna aliyewapindua, wamekaa kwenye vibao vyao wakitazama mikokoteni.

Kwa mtu anayechimba makaratasi ya zamani kama wewe, majina haya ni mhuri wa tarehe. Barua inayotaja Tom Mboya Avenue haiwezi kuwa ya kabla ya 1969, mwaka aliouawa Mboya. Inayotaja Ronald Ngala Road si ya kabla ya Ngala kufariki, Desemba 1972. Lakini mhuri huu unakata upande mmoja tu. Jina jipya linakuhakikishia karatasi si ya zamani zaidi. Jina la zamani halikuhakikishii kitu, kwa sababu mwenye duka alipiga chapa vitabu vya stakabadhi kwa madazeni na hakuvitupa eti kwa kuwa barabara imebatizwa upya. Hata hiyo ya babu yako ya 1958, karatasi yenyewe huenda ilipigwa chapa miaka kadhaa nyuma, na tarehe ndiyo iliyoandikwa kwa kalamu siku ya kuuza. Angalia vizuri kama wino wa tarehe ni ule ule wa kichwa.

Sasa twende kwenye nambari, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kuna mlango mmoja Kibokoni niliwahi kusimama mbele yake na mwanafunzi wangu, nikamwambia ahesabu nambari. Mlango ni wa mbao wa kuchonga, umepigwa rangi ya kahawia mara nyingi hata nakshi zimeanza kujaa. Juu ya kizingiti pana kibamba cha bati, kidogo kama kiganja, kilichokuwa buluu, na tarakimu mbili zinazoonekana tu ukiziguza kwa kidole kwa sababu rangi ya mlango imepanda juu yake. Pembeni ukutani pana tarakimu za kalamu nene zilizoandikwa kwa mkono, za sensa. Chini kidogo mita ya umeme na nambari yake ndefu. Mwanafunzi akasema tatu. Nikamwambia nne, moja haionekani, iko kwenye hati ya mwenye nyumba. Na katika nne hizo hakuna mbili zinazokubaliana, na wala hazijakosea. Kila moja inajibu swali lake.

Ya sensa inajibu swali la wahesabuji wa watu: je, nyumba hii tumeshaiingia? Wakimaliza kuhesabu, kazi yake imekwisha, nayo inabaki ukutani mpaka mvua au chokaa iiondoe. Nimeona vijana wakiitumia kuelekezana mizigo. Sensa ya 2019 ilikwisha siku nyingi na nambari zake bado zinaleta pizza.

Ya mita inamjua mteja wa umeme, haimjui jirani. Jengo moja la ghorofa tatu lina mita kumi na mbili. Nyumba ya uani isiyo na mita yake haipo kabisa machoni pa nambari hizo.

Ya kibamba ndiyo nambari ya mlango kwa maana unayoifikiria wewe. Mtindo wake ni wa Ulaya: unaanza mwisho mmoja wa barabara, nambari witiri zinakwenda upande mmoja, shufwa upande wa pili, kwa hiyo 27 inatazamana na 26 au 28 na majirani zake ni 25 na 29. Paris waliwekewa utaratibu huo kwa amri ya 1805, na tawala za Ulaya zikausambaza kila zilikofika. Ni utaratibu mzuri kwenye barabara ambayo majengo yake hayabadiliki. Kwenye barabara ya biashara kama Salim Road unachakaa upesi. Mwenye duka moja analigawa mawili: la pili liitweje? Maduka matatu yanabomolewa linajengwa jengo moja lenye mlango mmoja: nambari mbili zimekufa. Kibanda kinajengwa kwenye nafasi iliyokuwa uwazi. Ofisi inayotunza mfululizo isipopita tena kila baada ya miaka michache, nambari zinabaki kama meno ya mzee, hapa moja, pale mbili. Mombasa ilipata bodi ya manispaa 1928, ikawa baraza, ikawa jiji, na tangu 2013 ni kaunti. Kila utawala ulirithi madaftari ya uliotangulia, lakini hakuna uliorithi hamu ya kupanda ngazi na kupigilia misumari vibamba.

Ya nne ni nambari ya ploti, na hii ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu. Chanzo chake ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani aende mbele ya msajili athibitishe madai yake. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali, na vilio vya pwani kuhusu ardhi ukivifuata nyuma vingi vinakupeleka huko, lakini hilo lina siku yake. Kilichothibitishwa kikapimwa, kikapewa nambari. Leo hati ya kisiwani inaandikwa Mombasa, kisha bloku kwa tarakimu za Kirumi, kisha nambari, kwa mfano Mombasa/Block XV na kuendelea. Ukivuka daraja kwenda Nyali na Kisauni unakuta MN na sehemu yake, yaani bara ya kaskazini. Ukivuka feri Likoni unakuta MS, bara ya kusini.

Kosa ninaloliona kila mwezi ni mtu kudhani nambari za ploti zinafuatana barabarani. Hazifuatani. Zinafuata utaratibu wa kupima. Ploti ikigawanywa, nambari yake ya awali inakufa, na vipande vyake vinapewa nambari za mwisho wa orodha ya bloku wakati huo. Ndiyo unakuta ploti 112 imepakana na 640, na 640 imepakana na 113. Ukitembea ukitafuta 27 kwa mfuatano utafika Kilindini ukiwa umeloa jasho.

Na kuna mitaa ambayo hata ploti haikusaidii. Majengo, kwa mfano. Huko, kama sehemu nyingi za pwani, mwenye ardhi ni mmoja na mwenye nyumba ni mwingine. Mwenye ardhi anakukodisha mahali, wewe unajenga nyumba yako ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, unamlipa kodi ya kiwanja, na nyumba unaweza kuiuza bila ardhi iliyo chini yake. Hati ni moja, nambari ni moja, nyumba juu yake ishirini. Ukimwambia mtu "nakaa ploti fulani, Majengo" ni sawa na kumwambia unakaa baharini. Atakuuliza tu: kwa nani? Na utajibu kwa jina la mama mwenye nyumba, naye atafika bila kuuliza tena.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, mbona hatuna nambari, jawabu ni kwamba tunazo, tena nyingi mno, ila hakuna hata moja iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayetafuta nyumba. Waliokuwa na haja hiyo kwingine walikuwa posta, na posta yetu haikuwahi kuzoea kugonga milango. Barua inakungoja kwenye sanduku lako, S.L.P. fulani, Mombasa 80100, nawe unakwenda na ufunguo. Mji ukishapanga maisha yake hivyo, kibamba cha mlangoni kinakuwa pambo. Siku hizi Mamlaka ya Mawasiliano inasukuma mfumo wa anwani wa taifa zima, kila barabara iwe na jina na kila jengo nambari, na nauunga mkono kwa sababu ya magari ya wagonjwa na zimamoto. Juzi juzi jirani yangu alikaa dakika arobaini barabarani na tochi akiwapungia watu wa ambulansi waliokuwa wakizunguka mtaa wa pili. Lakini kama watakuja kupigilia vibamba halafu wasirudi, wajukuu zako watamwandikia mzee mwingine barua kama hii.

Haya, duka la babu.

Usianze na 27. Anza na sanduku la posta lililoko kwenye stakabadhi, lakini ujue mipaka yake: sanduku linamfuata mtu, halifuati jengo. Fundi akihama Salim Road akaenda Bondeni anabaki na sanduku lake. Faida yake ni ya kutafutia kwenye maandishi. Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza 1899, sasa linasomeka kwenye intaneti toleo kwa toleo, na ndani yake mna matangazo ya mirathi, leseni na ushirika wa biashara kuvunjwa, na mara nyingi yanataja jina, sanduku na ploti katika sentensi moja. Tafuta kwa jina la babu kwa tahajia zote unazoweza kufikiri. Makarani wa zamani waliandika Mohamed kwa namna sita.

Pili, kumbuka kwamba fundi cherehani kwa kawaida alikuwa mpangaji. Hati ya jengo haitamtaja. Itamtaja mwenye nyumba. Kwa hiyo swali la kumuuliza bibi si "lilikuwa nambari ngapi" bali "kodi mlikuwa mkimlipa nani?" Wanawake wa enzi hizo wanakumbuka hilo kuliko siku ya harusi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakifungua mlango mwenye nyumba akibisha. Akikupa jina la ukoo, au hata "yule Mhindi mwenye duka la mabati", umepata uzi. Akisema kodi ilikwenda wakfu, nenda ofisi ya Wakfu hapa hapa mjini, maana nyumba za wakfu zina madaftari yake, na wasimamizi wake hawakuwa na tabia ya kuuza.

Ukiwa na jina la mwenye nyumba, nenda kaunti uulize daftari la thamani za ploti, lile linalotumika kutoza kodi ya ardhi. Limepangwa kwa ploti na linataja wenye ploti. Ukipata ploti mbili au tatu za ukoo huo karibu na Markiti, fanya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za hati, kwenye ofisi ya ardhi, uombe na ramani ya bloku. Hapo ndipo nitakaposaidia: niletee ramani hiyo nikuonyeshe ni mipaka ipi ya zamani na ipi imekatwa juzi. Mstari wa ukuta wa 1950 hauna sura ya mstari wa ghorofa la 1990, hata kwenye karatasi.

Tatu, ngazi. Bibi amesema "pana ngazi ubavuni", na wewe ukaandika kana kwamba ni maneno ya mzee aliyechoka. Ngazi ya ubavuni kwenye barabara ile inamaanisha jengo la ghorofa lililokuwa na uchochoro pembeni, maana huwezi kuwa na ubavu kama umebanana na jirani pande zote mbili. Hilo peke yake linaondoa zaidi ya nusu ya majengo uliyoyahesabu. Rudi Digo Road, safari hii asubuhi mapema kabla mikokoteni haijajaa, usitazame milango, tazama juu na pembeni. Tafuta uchochoro unaoingia kando ya jengo la zamani, wenye vipandio vya saruji vilivyolika katikati. Wachuuzi wa Markiti wazee waulize kwa kazi ya babu, sio kwa jina: "hapa palikuwa na fundi wa suti?" Jina la mtu husahaulika, cherehani haisahauliki.

Nambari 27 tutaitumia mwisho kabisa, na kwa jambo moja tu. Ikiwa kweli ni ya kibamba na si ya ploti, ni witiri, na witiri zote zilikuwa upande mmoja. Hatujui bado ni upande upi. Lakini Digo Road imelala kaskazini kwa kusini, si kwa rula lakini yatosha, kwa hiyo duka la upande wa Mji wa Kale linatazama magharibi na kupigwa jua la alasiri, na la ng'ambo yake linapigwa jua la asubuhi. Fundi huweka cherehani mlangoni kwa ajili ya mwangaza, na kitambaa cha mteja kikikaa juani kinachujuka, basi lazima palikuwa na turubai au pazia, na mtu wa kulifunga. Kama ninavyowajua mafundi, mtu huyo alikuwa mkewe. Kaa naye jioni hii, umpe chai, umuulize turubai lilifungwa saa ngapi: kabla ya adhuhuri, ama baada ya alasiri.